Bi Mwanasiti Ahudhuria Matanga Yake

Nchi ninayoisimulia haipakani na yenu. Mkiona inafanana na ile mnayoijua, kosa ni la hiyo mnayoijua, maana yetu ilianza zamani na haijawahi kumwiga mtu. Ni nchi tulivu. Ina bendera, ina mabango, ina mvua pale wizara inayohusika inaporuhusu, na mimi ndani yake nakodisha maturubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa kwa ajili ya harusi na misiba. Jina langu Kibwana, ila mtaani wananiita Kibwana Turubai, na sikuwahi kukasirika.

Nayasema haya mapema mjue kwamba sina ugomvi na serikali yangu. Mtu wa maturubai hagombani na yeyote. Anayecheka leo atalia kesho, na siku zote mbili atataka mahali pa kukaa.

Fahari ya nchi yetu ni Wosia wa Mwasisi. Mwasisi alifariki mimi sijaota ndevu, akaacha karatasi moja inayosema tupendane na tusikate miti ovyo. Tangu hapo wosia umekuwa ukinenepa. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, Rais husimama uwanjani akatusomea yale ambayo Mwasisi ameamua kuyaongeza. Mwaka mmoja Mwasisi alimwongezea Rais muhula. Mwaka uliofuata aliongeza ushuru wa chumvi, na alipoona wananchi wananung'unika akaongeza kifungu cha kukataza manung'uniko. Alipokuwa hai hakuwa na mawazo mengi namna hii. Sisi hupiga makofi, kwa kuwa kauli ya marehemu haipingwi.

Kwa hiyo mtaelewa kwamba kwetu marehemu kubadilisha wosia ni jambo jepesi kabisa. Shughuli iko kwa aliye hai.

*

Zamani kila mtu aliubadilisha wosia wake apendavyo, na kusema kweli wazee walizidi. Mtoto akichelewesha maji ya kuoga, jina linafutwa. Akileta samaki, linarudi. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akimwandikia shamba yule atakayemsalimia wa kwanza asubuhi, mpaka wanawe watu wazima, wenye wake zao, wakawa wanalala mlangoni kwake wakisukumana. Serikali ikaona taifa linapoteza nguvu kazi, ikaunda Wizara ya Wosia na Matarajio.

Wizara ikatunga Sheria ya Uthabiti wa Kauli. Sheria ilisema hivi: kwa kuwa kwa mila zetu mambo ya urithi huzungumzwa siku ya kuanua matanga, basi wosia utabadilishwa siku hiyo tu, ndugu na majirani wakiwapo, na mila zote za matanga zifuatwe bila kupunguzwa hata moja. Yaani ukitaka kubadilisha wosia wako, sharti kwanza watu wakukalie matanga. Niliposikia habari hiyo redioni niliagiza viti vipya.

Aliyeiandika sheria hiyo ni mtu wa mtaani kwetu, Mheshimiwa Ngwali, Naibu Katibu Mkuu wa Wizara. Alikuwa kijana wa adabu sana kabla ya kupewa gari. Baada ya gari shingo yake ikaacha kugeuka, na akitaka kukusalimia inabidi ageuke mwili mzima, kwa hiyo mara nyingi huona ni heri aendelee na safari.

Ngwali ni mtoto wa kaka yake Bi Mwanasiti, na hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanzia.

*

Bi Mwanasiti alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na ukumbi, aliyoijenga mwenyewe kwa kuuza vitumbua, kabla hajaolewa na Mzee Pazi. Mzee Pazi naye, baada ya kuikuta nyumba imekwisha na mke ana shughuli nyingi, akaenda kuoa mke wa pili huko Milimani. Mke huyo aliitwa Bi Tabu.

Sasa sisi wa Bondeni na wale wa Milimani ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tunawaita wala panya, wao wanatuita wanywa madimbwi, na hakuna anayechukia. Msibani ndiyo usiseme. Mtani akija msibani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akagomba kama marehemu, na akachukua kitu chochote kinachompendeza. Hazuiwi. Ukikitaka kitu chako unakikomboa kwa kile atakachodai, hata kama ni jogoo, hata kama ni kucheza ngoma mbele ya wakwe.

Lakini utani ni wa makabila. Uke wenza ni habari nyingine. Mzee Pazi alipofariki, wake zake waligombania mkeka wa karibu na mlango, watu wakasahau aliyekufa ni nani. Wiki ile ile Bi Mwanasiti akaandika wosia kwamba nyumba yake aipate Ngwali, akaongeza na maneno mengine kumhusu mke mwenzake. Kisha akasahau kama ameandika.

Miaka ikapita. Masika moja kuta za kibanda cha Bi Tabu zikalala chini, naye akateremka Bondeni na sanduku la bati kichwani. Alisimama mlangoni akasema, "Bi Mkubwa, nimekuja kwa siku mbili."

"Mbili tu," akajibu Bi Mwanasiti.

Watoto waliozaliwa masika ile sasa wana ndevu, na sanduku la bati bado liko uvunguni. Wake wenza hao, wote wawili bila mtoto, waligombana kila siku iliyoamka: juu ya redio, juu ya dirisha, na zaidi juu ya chumvi, maana Bi Tabu hutia chumvi kama anayehifadhi nyama ya safari. Lakini miguu ya Bi Mwanasiti ilipoanza kuvimba, Bi Tabu ndiye aliyekuwa akiikanda kwa maji ya moto, akitukanwa. Na Bi Tabu alipopatwa na homa, Bi Mwanasiti alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimtukana. Majirani tukisikia kimya ndani ya nyumba ile tulikwenda kuangalia kuna nini.

*

Siku moja Bi Tabu akiwa sokoni, Bi Mwanasiti aliniita. Nilidhani anataka masufuria. Kumbe alikuwa amekumbuka.

"Kibwana, siku yangu ikifika watausoma ule wosia mbele za watu, na Tabu atakuwa amekaa pale anasikiliza."

Nikamwambia ndivyo inavyokuwa.

"Niliandika asipewe hata kigae cha chungu. Na akija msibani kwangu afukuzwe kwa ufagio." Akainyoosha miguu yake. "Niliutaja na ufagio wenyewe, ule wa chelewa."

Nilijaribu kumtuliza. Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu mwenzake, leo hii, kwamba aliyaandika kwa hasira. Akaniangalia kama nimeleta sufuria lililotoboka.

"Nitamwambiaje na bado nina hasira naye? Jana mchuzi haukulika." Kisha akasema polepole, "Ngwali atamtoa nyumbani, hilo najua, na linaniuma. Lakini hilo la ufagio asije akalisikia mimi niko chini siwezi kujibu."

Basi tukaenda wizarani. Nilibeba kiti kimoja kichwani, kwa sababu wizara haina viti vya wananchi. Vipo katika mchakato.

*

Alitupokea Bwana Mahimbo, Mkaguzi Mkuu wa Majonzi. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwaminifu, mwenye uso wa aliyekula limau na kuona halikuwa baya. Shingoni alining'iniza kichupa cha kupimia machozi. Wizara ilikuwa imegundua kwamba watu wanalia matanga ya uongo ili wosia ubadilishwe haraka, hivyo kila chozi sasa lilikingwa na kukaguliwa.

Bi Mwanasiti alimweleza kwamba anataka nyumba yake aipate Bi Tabu, na zaidi ya hapo anataka kufuta sentensi moja tu.

"Bibi," akasema Bwana Mahimbo, "leo utafuta sentensi, kesho utataka kufuta Katiba."

"Katiba si yangu."

Bwana Mahimbo akatafakari, akakubali kwamba hilo ni kweli. Kisha akatueleza utaratibu. Matanga yatakaliwa nyumbani kwa mhusika, ambaye kisheria ataitwa marehemu mtarajiwa. Marehemu mtarajiwa atakaa nyuma ya pazia na hatasema neno, kwa kuwa marehemu hasemi. Akisema hata moja, matanga yanabatilika na kuanza upya kwa gharama zake. Kitunguu hakiruhusiwi kukaribia ukumbi wa majonzi, kwa waraka uliotiwa saini na Mheshimiwa Ngwali mwenyewe. Siku ya kuanua, wosia wa zamani utasomwa wote kwa sauti, ili umma ujue kinachobadilishwa.

"Wote?" akauliza Bi Mwanasiti.

"Wote, pamoja na nukta. Baada ya hapo msemaji wa marehemu atayatamka mabadiliko. Msemaji kisheria ni yule mrithi anayetajwa wa kwanza katika wosia unaobadilishwa."

Bi Mwanasiti akauliza kwa nini awe huyo. Bwana Mahimbo akajibu kwamba ni kwa sababu ndiye anayeguswa zaidi, na alionekana kuridhika sana na jibu lake.

Tukarudi, kiti kichwani. Jioni ile Ngwali akaja kumsalimia shangazi yake, mwili mzima. Akasema asiwe na wasiwasi hata kidogo, mabadiliko yote atayatamka kama alivyoagizwa. Na kuhusu ile sentensi, wakakubaliana kwamba akiifikia atakohoa. Atakohoa kwa nguvu na kwa muda mrefu mpaka ipite. Bi Mwanasiti alimpa vitumbua vya kwenda navyo.

Bi Tabu yeye aliambiwa tu kwamba serikali inataka kubadilisha jina kwenye nyumba. Akasema hana haja na nyumba ya mtu, kwao kuna mlima mzima, na hapa alikuja kwa siku mbili.

*

Matanga yakaanza. Nilifunga turubai langu zuri, lile la buluu, na nyuma ya pazia la ukumbini nikamwekea Bi Mwanasiti kiti chenye mikono. Nasema kwa moyo mweupe kwamba sijaona matanga yaliyomfurahisha marehemu kiasi kile. Majirani walimsifu, wengine wakamsifu kwa mambo aliyoyafanya, wengine kwa mambo ambayo hakuyafanya kabisa, na fimbo yake tuliisikia ikigonga sakafu kwa raha. Kugonga kuliruhusiwa. Bwana Mahimbo aliangalia kanuni akakuta kwamba hata jeneza hugonga.

Jambo lililomsumbua Bwana Mahimbo ni Bi Tabu. Alipika, alifagia, aliwapa watu maji, lakini kichupa kilipita mbele yake mara zote kikatoka kikavu. Akamuuliza kwa upole kama ana tatizo la macho.

"Nitamlilia vipi na kikohozi chake nakisikia?" akasema Bi Tabu. "Jana nimemkanda miguu."

Bwana Mahimbo akaandika: majonzi hafifu.

Siku ya kuanua akaja Mheshimiwa Ngwali na magari na redio ya taifa, maana haya yalikuwa matanga ya mfano. Akatoa hotuba ndefu. Alisema marehemu mtarajiwa alikuwa mama wa taifa katika ngazi ya mtaa, kwamba vitumbua vyake vilichangia umoja, na kwamba kifo chake, kitakapotokea kwa kufuata taratibu, kitakuwa pengo. Akaongeza kwamba kwenye kiwanja hiki kutajengwa Kituo cha Kumbukumbu ya Mwasisi, chenye ghorofa ya juu kwa matumizi ya mwenye kituo. Watu wakapiga makofi, kisha wakaanza kuulizana kituo gani.

Akafungua wosia, akasoma kuanzia tarehe yake. Alisoma vizuri, sauti yake ilikuwa imezoea maneno ya marehemu. Alipofika mahali pa kukohoa, nilimwona akiitazama ile redio. Nadhani aliona haitapendeza Naibu Katibu Mkuu kukohoa hewani. Akaisafisha sauti, akasoma kwamba Tabu wa Milimani asipewe hata kigae cha chungu, na akija msibani afukuzwe kwa ufagio wa chelewa. Kisha, kwa kuwa alizoea kurudia sentensi zenye uzito, akairudia.

"Na mimi kama msemaji wa marehemu," akamalizia, "natamka kwamba marehemu hana mabadiliko. Kauli ya marehemu haipingwi."

Tukapiga makofi. Mikono yetu imefundishwa, ikisikia maneno yale haisubiri mwenyewe.

Nyuma ya pazia kiti kililia. Mimi nilikuwa pembeni nikamwona Bi Mwanasiti amesimama, mdomo wazi, na Bwana Mahimbo amenyoosha kidole. Akisema neno moja, matanga yanaanza upya, na yakianza upya ule wosia utasomwa tena. Akafunga mdomo na kukaa. Nimeona misiba mingi katika kazi yangu, lakini uso ule sitaki kuuona tena.

Bi Tabu aliweka chini birika la maji, akaingia chumbani. Wote tulijua anakwenda kuvuta lile sanduku la bati. Ngwali akasema uletwe ufagio, sheria ichukue mkondo wake, na watu wakatazamana nani alete.

*

Aliutoa Bi Tabu mwenyewe.

Alitoka chumbani amejitanda kanga za kahawia za Bi Mwanasiti, amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili ufagio. Alitembea kwa miguu iliyovimba, akipumua kwa kila hatua, akisimama katikati kuutukana mlango. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtani ameingia, watu wakasema, mtani huyo. Ngwali naye alicheka mpaka akashika mbavu, na hapo nikamwona kwa mara ya kwanza tangu apewe gari akigeuza shingo.

Bi Tabu akaanza kazi. Aliniuliza mimi kwa sauti ile ile ya Bi Mwanasiti, ya puani, kama viti hivi niliviokota au viliniokota. Akamwambia Bwana Mahimbo anenepe kidogo, watu wasije wakadhani ndiye maiti. Alimsahihisha kila mtu alivyokaa. Kisha akaugeukia mkeka wa karibu na mlango, pale ambapo yeye Bi Tabu hukaa siku zote, na ambapo sasa hapakuwa na mtu. Akauelekezea ufagio.

"We Tabu, mla panya we. Umesikia walichosoma? Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika wiki tuliyomzika Pazi, sijala, sijalala, na wewe umenikalia mkeka wangu. Ufagio niliousema uliisha zamani. Huu umeununua wewe. Ukinikanda miguu huwa nakutukana kwa sababu nikinyamaza nitalia, na mimi silii mbele ya watu wa Milimani. Chumvi yako nyingi." Akapumua kama mwenye miguu mizito. "Kaa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha, sijui kilikwisha saa ngapi. Nyuma ya pazia tukasikia mtu analia kwa sauti, kilio cha kweli, cha mtu mzima aliyekichelewesha.

Ngwali akaruka. Akasema marehemu amesikika, matanga yamebatilika. Bwana Mahimbo akafungua kanuni zake, akasoma chini, akasoma juu, akatangaza kwamba kulia si kusema. Akaenda nyuma ya pazia na kichupa chake, na baada ya muda akatoa kichwa akaomba kikombe.

Hapo Bi Tabu akanyoosha mkono kwenye msumari wa mlangoni, akachukua ufunguo wa nyumba, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Mtani amechukua," akasema.

Ngwali akasema huo ni mchezo, na ile ni mali ya urithi. Bwana Mahimbo akamkumbusha kwa heshima zote kwamba mila za matanga zinafuatwa bila kupunguzwa hata moja, kifungu kipo, na saini ni yake Mheshimiwa. Mtani akichukua amechukua, labda akombolewe.

"Basi nakomboa," akasema Ngwali. "Sema unataka nini, bibi. Chochote."

Bi Tabu akamtazama juu ya miwani, akamjibu kwa sauti ya shangazi yake.

"Nataka chozi, mwanangu. Moja tu, lako."

Bwana Mahimbo akasogea na kichupa. Ngwali akatabasamu, akafumba macho, akakaza. Tukasubiri. Redio ya taifa ikawarushia wananchi ukimya ule, na nasikia huko mikoani watu walisimama wakidhani ni maombolezo ya kitaifa. Ngwali akakaza tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Dereva wake akampelekea kitunguu ndani ya leso, Bwana Mahimbo akakisikia kwa pua, akautoa waraka. Ngwali akasema anamfikiria marehemu baba yake. Halikutoka. Akasema anafikiria kunyang'anywa gari, na kweli hapo kitu kikateremka shavuni. Bwana Mahimbo alikikinga, akakitazama kwenye mwanga, akasema ni jasho.

Tusimlaumu. Macho yake yalikuwa yamewasomea watu kauli za marehemu kwa miaka, yakazoea.

Tukaanua matanga. Ufunguo ukabaki kwenye pindo la kanga.

*

Serikali yetu haina kinyongo, ila ina utaratibu. Wizara ilimwandikia Bi Mwanasiti kwamba, kwa kuwa matanga yake yamekaliwa na kuanuliwa na nyumba imekwenda kwa mwingine, yeye sasa ni marehemu kamili na asisumbue. Zahanati ikamnyima dawa za miguu, wakisema dawa za marehemu hawana. Bwana Mahimbo alihamishiwa mpakani, akapewa kazi ya kupima umande kwa kichupa kile kile. Ukatoka na waraka wa kupiga marufuku watani misibani. Na siku ya kumbukumbu Mwasisi akaongeza kifungu kinachosema yeye hana mtani yeyote, wa kabila lolote, wala hataki mtu avae koti lake na kusema kwa sauti yake. Sijui alikuwa anaogopa nini. Koti lenyewe liko makumbusho, limefungwa mnyororo.

Siku Bi Mwanasiti alipotoka zahanati mikono mitupu, nilimsindikiza. Bi Tabu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake.

"Karibu, mgeni," akasema. "Kwa siku mbili."

"Mbili tu," akasema Bi Mwanasiti, akaingia huku akilalamika kwamba mlango umefunguliwa vibaya. Usiku na mchana tukaendelea kuwasikia, na mtaa ukawa na amani.

Bi Mwanasiti akafa kweli mwishoni mwa masika iliyofuata, Bi Tabu akiwa ameshika miguu yake. Nilikwenda wizarani kuomba kibali cha matanga. Walitazama majina wakanijibu kwamba huyo alikwisha kufa, matanga yake yalikuwa ya mfano na yalitangazwa redioni, na serikali haiwezi kumruhusu raia mmoja kufa mara mbili wakati wengine hawajapata zamu. Turubai lisifungwe. Mtu asilie.

Tulimzika asubuhi, wachache. Kisha nikapeleka viti vyangu vyote uani kwa Bi Tabu, nikisema navianika. Majirani wakaja mmoja mmoja kuangalia viti vinavyoanikwa, wakachoka, wakakaa.

Wizara ikamtuma Mkaguzi mpya, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Alimkuta Bi Tabu anafagia ua kwa ufagio wa chelewa, amejitanda kanga za kahawia, miwani ya uzi puani. Akauliza nani kafa hapa.

"Hajafa mtu," akasema Bi Tabu. "Mgeni wangu alikuja kwa siku mbili, ameondoka."

Mkaguzi akamsogelea, akamtazama uso. Machozi yalikuwa yanamiminika chini ya miwani mpaka kidevuni, zaidi ya kichupa, zaidi ya kikombe. Akauliza, kwa ukali wa kazi, hayo ni nini.

Bi Tabu akajinyoosha huku ameegemea ufagio, na alipojibu, sote tuliokaa tuliisikia sauti ile ya puani tuliyomzika nayo asubuhi.

"Chumvi. Huyu Tabu siku zote huizidisha."